Mvua ya majiwe: wingu njo linatupa, hapana jirani

Mwezi wa tisa ukifika, milima ya Kivu inangojea mvua. Kiangazi cha mwezi wa sita, wa saba na wa nane kimekwisha kukausha udongo, mbegu ziko tayari ndani ya nyumba, na kila mukulima anaangalia juu. Mvua inarudi, watu wanashukuru. Lakini kuna siku ile mvua inakuja na kitu kingine ndani yake. Kwanza sauti juu ya manjanja, sawa vile mtu anamwanga changarawe. Kisha watoto wanakimbia inje kuokota vile vipande vyeupe na kuvitia kinywani. Mama yao hacheki. Yeye anafikiri shamba lake la maharagi. Dakika kumi tu, na majani yote yamepasuka, maua yamelala chini, vinabaki vijiti.

Ni kisha hapo njo ulizo linaanza, na ulizo hilo ndilo limetufanya tuandike leo: nani ametufanyia hivi?

Hatuulizi «ni kitu gani», tunauliza «ni nani». Tofauti ni ndogo katika kinywa, lakini ni kubwa katika kijiji. Juu ya ile «nani», wazee wamefukuzwa kwao, nyumba zimechomwa, na watu wameuawa na wenzao kwa kile tunaita justice populaire. Tunataka basi kueleza wingu hili linatoka wapi, linafanya kazi gani, na namna gani maneno yetu wenyewe yanatusukuma kumutafuta mutu pale ambapo hakuna mutu.

Jina linalotafuta mukono

Kwa Kiswahili tunasema mvua ya mawe, na huku kwetu, mvula ya majiwe. Hatuko peke yetu. Wenye Lingala wanasema mbula ya mabanga, na mabanga ni majiwe. Kule Katanga, wenye Kibemba wanasema imfula ya mabwe, na mabwe ni majiwe yale yale. Wenye Kinyarwanda wao wana neno lake la pekee, urubura, na wanasema tena amahindu. Wafaransa vilevile wana neno lao, grêle. Lakini sisi wengi wa Congo, tukiona barafu inaanguka, tunaona jiwe.

Sasa, jiwe si kitu kinachotoka juu peke yake. Tangu utoto tunajua: jiwe likikupata kichwani, kuna aliyelitupa. Unageuka, unatafuta mukono. Jina letu la mvua hii ni zuri na ni la kweli kwa macho, maana kipande kile ni kigumu na kinaumiza. Lakini jina hilo limebeba swali ndani yake, na mutu mwenye kupoteza shamba analisikia mara moja.

Angalia tena namna tunavyosema juu ya radi, ndugu yake mvua ya majiwe. Tunasema «radi imepiga muti», «amepigwa na radi». Kupiga kwa Kiswahili hakuna ubaya: tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga magoti. Mpaka hapo kila kitu kiko sawa. Lakini siku moja mutu anabadilisha neno, anasema «walimutumia radi». Ile «wa» kidogo inayoingia mwanzoni, njo yenye hatari. «Wa» ni nani? Kesho kijiji kitaanza kuhesabu: nani alikuwa na kesi ya shamba naye, nani hakumusalimia sokoni, mama gani muzee anaishi peke yake.

Wazee wa lugha walituachia mezali ingine, na hiyo ni ya akili: dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema dalili ya mvua ni jirani. Walituambia tuangalie juu. Basi tuangalie.

Wingu lenye orofa

Si kila wingu linaweza kuzaa majiwe. Mawingu mepesi ya asubuhi hayawezi. Lile wingu la kijivu linalofunika mbingu yote na kunyesha polepole tangu asubuhi mpaka magaribi, hilo pia haliwezi. Linaloweza ni moja tu, lile wataalamu wanaita kumulonimbusi. Jina hilo limetoka katika Kilatini: kumulusi ni lundo, nimbusi ni wingu la mvua. Muingereza Luke Howard njo alianza kuyapanga mawingu kwa majina ya Kilatini mwaka 1802, na maneno yake yanatumika mpaka leo.

Tunaliona mara nyingi kisha saa sita za muchana. Jua limepiga udongo tangu asubuhi, hewa ya chini imepata joto na imejaa maji ya ziwa, ya pori na ya mabonde. Hewa ya joto ni nyepesi, basi inapanda. Ikipanda inapoa, na maji yaliyokuwa ndani yake yanageuka matone madogo sana: wingu limezaliwa. Kama hewa inaendelea kupanda kwa nguvu, wingu linaota juu sawa koliflere, na kichwa chake kinaweza kufika kilometre 15 na zaidi katika inchi za joto kama yetu. Kule juu haliwezi kupanda tena, basi linatandazika na kuwa bapa. Wafaransa wanaita kichwa hicho enclume, ni kile chuma ambacho mufuaji wa vyuma anapigia juu yake.

Ndani ya wingu hilo kuna orofa, sawa nyumba ya étage. Chini kuna joto. Huku kwetu, karibu na kilometre 5 juu ya usawa wa bahari, baridi inafika kipimo cha zero, pale ambapo maji yanaanza kuganda. Lakini kuna ajabu moja: matone madogo sana ya wingu hayagandi mara moja. Yanaweza kubaki maji hata kwa baridi kali ya chini ya zero, mpaka karibu digri 40 chini yake. Yanangojea kitu cha kugusa. Kipande kidogo cha barafu kikipita kati yao, yanakigusa na kuganda juu yake. Kinakua. Upepo unaopanda unakishikilia kisianguke, nacho kinaendelea kuvaa maji, ganda juu ya ganda. Siku ile uzito wake unashinda nguvu ya upepo, kinaanguka.

Kama hamuamini, okoteni kipande kikubwa kisha mvua, mukikate katikati. Mara nyingi mutaona mizunguko, moja nyeupe, ingine yenye kuangaza, sawa vile kitunguu. Mizunguko ile ni historia ya safari yake ndani ya wingu. Hakuna mukono wa mutu ndani yake.

Wataalamu wanahesabu kipande kuwa jiwe la mvua kikiwa na milimetre 5 na zaidi. Kikiwa chini ya hapo, wanakipa jina lingine. Vya kwetu kwa kawaida ni sawa punje ya maharagi ao ya mahindi. Lakini huko Marekani, katika kijiji cha Vivian, jimbo la South Dakota, tarehe 23 mwezi wa saba 2010 kilianguka kipande chenye upana wa santimetre 20 na uzito wa karibu gramu 880. Na huko India, tarehe 30 mwezi wa nne 1888, upande wa Moradabad, mvua ya majiwe iliua watu 246. Hatukusikia mutu akisema kwamba jirani mumoja tu alikuwa na nguvu ya kutupa hayo yote.

Kwa nini milimani, kwa nini kwetu

Watu wa Kindu na wa Kisangani hawaonaki majiwe mara nyingi kama watu wa Lubero, Masisi ao Walungu. Je, wachawi wako milimani tu? Hapana. Jibu ni umbali wa kuanguka. Kule bondeni, barafu ikitoka pale penye zero inapita kilometre zaidi ya 4 za hewa ya joto kabla ya kugusa udongo. Vipande vidogo vinayeyuka njiani, vinafika chini vikiwa matone manene ya mvua. Mashamba mengi ya milimani yako kwenye metre 2000 na zaidi. Pale njia ni fupi na hewa ni baridi, barafu inafika nzima. Ni sababu hiyo moja inayofanya wakulima wa chai wa Kericho, milimani kule Kenya, kuwa na majina mabaya kwa mvua ya majiwe kuliko watu wa pwani ya Mombasa.

Na mawingu makubwa kwetu hayakosekani. Mwaka 2016 watafiti walitoa hesabu ya radi za miaka 16, zilizoonwa na satelite kutoka juu. Fasi ya kwanza ilikuwa ziwa Maracaibo, huko Venezuela, na radi karibu 233 kwa kila kilometre ya mraba kwa mwaka. Fasi ya pili ilikuwa mashariki ya inchi yetu, na karibu 205. Katika fasi kumi za kwanza, tano zilikuwa Congo: zilitajwa kwa majina ya Kabare, Kampene, Sake, Butembo na Boende.

Tusome tena hesabu hiyo kwa utulivu. Kama radi ni nyingi hivyo juu ya vichwa vyetu, basi kila mwaka itapiga watu, ngombe, shule na makanisa, hata kama hakuna mutu mubaya hata mumoja katika kijiji. Si laana. Ni milima, ni maziwa, ni joto, ni pori lenye kutoa maji hewani.

«Shamba yangu, na si yake»

Kuna neno moja ambalo linashinda maelezo yote kinywani mwa watu. Wanasema: «Sawa, ni wingu. Lakini kwa nini limeharibu shamba yangu, na ya jirani imebaki nzima?»

Ulizo ni la haki, na jibu lake liko. Mvua ya majiwe haishuki sawa blanketi. Wingu linatembea na upepo, na ndani yake pale majiwe yanatoka ni padogo. Basi linaacha chini njia nyembamba, sawa mutu mwenye kubeba gunia lenye tundu: unga unamwangika pale anapopita tu. Njia hiyo inaweza kuwa na upana wa metre mia kadhaa ao kilometre chache. Aliye ndani ya njia anapoteza, aliye pembeni anapata mvua nzuri. Upande huu wa barabara analia, upande ule anachipuza. Ni hapo wivu na mashaka yanapata udongo muzuri, kwa sababu yule aliyeokoka anaonekana kama aliyetuma.

Radi inafanya vilevile. Wengi wanakumbuka habari ya Kasai ya mwezi wa kumi 1998, ambayo ilitembea dunia nzima: iliandikwa wakati ule kwamba radi iliua wachezaji 11 wa timu moja ya mupira wakiwa uwanjani, na wa timu ingine hawakupata kitu. Mara moja watu wa pande zote mbili walianza kuhukumiana juu ya uchawi. «Kwa nini hawa, na si wale?» Ni ulizo lile lile la shamba. Radi haijui maillot. Inapita pale inapopata njia, na njia hiyo inaweza kuacha mutu aliyesimama hatua chache tu.

Bulaya nako walipita hapo

Wengine watasema kwamba mambo haya ni ya Waafrika. Tuwapeleke basi Lyon, katika Ufaransa, miaka karibu 1200 iliyopita. Askofu wa muji ule, jina lake Agobard, aliandika kitabu kizima juu ya mvua ya majiwe na radi. Aliandika kwa sababu watu wa kwake, wakubwa na wadogo, waliamini kwamba kuna wachawi wenye kuleta dhoruba, na kwamba kuna mashua zinazopita ndani ya mawingu kuchukua matunda yaliyoangushwa na majiwe. Siku moja walimuletea watu wanne waliofungwa kamba, wanaume watatu na mwanamuke mumoja, wakisema wameanguka kutoka mashua zile. Walitaka kuwaua kwa mawe. Askofu alibishana nao mpaka ukweli ukashinda.

Tuone vizuri: watu wale waliona majiwe yanaanguka kutoka juu, nao wakataka kurudisha majiwe juu ya watu wanne ambao hawakufanya kitu.

Si kila fasi palikuwa na Agobard. Katika Ujeremani, muji mudogo wa Wiesensteig, mvua kali ya majiwe iliharibu mashamba mwaka 1562. Walikamata wanamuke, wakawatesa mpaka wakakubali, na wanamuke 63 waliuawa. Je, majiwe yaliisha kule? Hata kidogo. Mpaka leo yanaanguka Ujeremani, yanapasua vioo vya magari, na watu wanaenda kwa assurance, hawaendi kwa jirani na petroli. Wingu halikubadilika. Kilichobadilika ni ulizo.

Wafaransa nao zamani walipiga kengele za kanisa ili kufukuza wingu. Munara ni murefu, na radi inapenda kitu kirefu. Wapiga kengele wengi walikufa na kamba mukononi. Serikali mwishoni ilikataza.

Wenye kuuza dawa ya wingu

Kuna tena wale wanaopita vijijini wakisema wanajua kufunga mvua ya majiwe, ao kuipeleka upande mwingine. Wanachukua kuku, mbuzi, ao mafranga ya shule ya watoto. Tunaheshimu wazee na desturi zao, na hatuwatukani. Lakini tuseme wazi: wingu moja la namna hii lina urefu wa kilometre zaidi ya 10 na limebeba maji mengi kuliko malori yote ya Congo. Hata wenye mashini hawakuliweza. Huko Kericho, katika miaka ya 1960, mashamba makubwa ya chai yalijaribu kulipiga kwa roketi, kisha kwa ndege zenye kumwanga dawa ndani yake. Bulaya wanatumia mizinga yenye kupiga kelele kuelekea juu, lakini Shirika la hali ya hewa la dunia limesema kwamba hakuna msingi wa sayansi kwa mizinga ile.

Na tuangalie pale pa hatari zaidi. Mutu akikubali kwamba fulani anaweza kufunga majiwe, amekwisha kukubali kwamba fulani anaweza kuyatuma. Muuza dawa wa leo anaweza kuwa mushitakiwa wa kesho.

Tunachoweza kufanya

Kulizuia wingu hatuwezi, lakini kulisoma tunaweza. Kama muchana lundo jeupe linapanda haraka, na chini yake panakuwa peusi. Kama upepo wa baridi unakuja gafula wakati kulikuwa joto. Kama ngurumo inafuata mwangaza kwa haraka: musingojee tone la kwanza. Hesabuni kati ya mwangaza na ngurumo. Kila sekonde tatu ni kilometre moja. Lakini musijidanganye kwa hesabu: ukisikia ngurumo tu, wingu limekwisha kuwa karibu ya kutosha kukupata.

Toka shambani, toka uwanjani, toka ziwani. Ingia ndani ya nyumba yenye kuta ao ndani ya gari lililofungwa. Musijifiche chini ya muti ulio peke yake, wala chini ya paillote isiyo na kuta. Kisha ngurumo ya mwisho, ngojea dakika 30.

Na kama radi imepiga mutu: mushikeni! Wengi wanaogopa kumugusa, wakisema moto ungali ndani yake, ao mupaka mganga afike. Mwili wake hauna umeme tena. Moyo unaweza kuwa umesimama; hapo, kama kuna anayejua kukandamiza kifua kwa nguvu na kwa haraka, aanze palepale, na wengine watafute njia ya kumufikisha hospitali. Woga wa uchawi unaua mara ya pili mutu ambaye radi haikumumaliza.

Kwa shamba: musing'oe kila kitu siku ile ile. Muhogo unachipuka tena kutoka kijiti, na maharagi machanga yakibaki na jicho zima yanaweza kurudi. Ngojeeni kama juma moja muone. Musiingie ndani ya maharagi yakiwa na maji, kwa sababu majani yenye vidonda yanaambukizana magonjwa kupitia mikono na nguo zetu. Wenye uwezo walime vipande viwili mbalimbali kuliko kimoja, maana njia ya majiwe ni nyembamba na haipiti kila fasi. Na wenye kuvuna wasiuze mbegu yote. Debe moja lililobaki ndani ya nyumba njo linapanda tena kisha hasara.

Tena kuna kazi moja ambayo haiombi mafranga. Chef wa kijiji, mwalimu, pasta, padri, mama wa likelemba: siku majiwe yameanguka, kabla ya magaribi, mutembelee yule aliyepoteza na yule aliyeokoka. Muwaite pamoja, wa njia na wa pembeni. Aliyeokoka alete mbegu kidogo, hata kikombe. Mutu mwenye mbegu ya jirani mukononi hawezi kumutafuta jirani yule usiku.

Mezali inabaki ile ile: dalili ya mvua ni mawingu. Tukisikia mutu anasema «walitutumia», tumurudishe polepole kwa neno la zamani, «imetupiga». Ni kubadilisha neno moja tu. Lakini kuna bibi muzee fulani, peke yake mwisho wa kijiji, ambaye maisha yake yako ndani ya neno lile.